Msimu wa Watalii Umerudi kwa Nani? Namna ya Kuzisoma Dalili za Mji wa Ufukweni

Kila mwaka, katika miji ya pwani inayoishi kwa utalii, hufika wiki moja ambayo watu huanza kuambiana kwamba msimu umerudi. Viti vya ufukweni vimetolewa ghalani, maboti yaliyokuwa yamepinduliwa mchangani yamepakwa rangi upya, maduka ya zawadi yamefunguliwa, na kwenye njia ya kuelekea baharini zinasikika lugha ambazo hazijasikika tangu msimu uliopita. Dalili hizo ni za kweli, wala simlaumu anayezifurahia, kwa kuwa mtu aliyekaa miezi mitano bila kipato ana kila haki ya kufurahi anapomwona mgeni wa kwanza. Hata hivyo, hizo ndizo dalili zinazotokea mwisho, na ndizo zinazotufunulia machache zaidi. Anayetaka kujua kama msimu umerudi kwelikweli hana budi kutazama mahali ambapo mtu amehatarisha fedha yake kabla mgeni hajafika, kisha aifuatilie fedha hiyo aone kama imeingia mikononi mwa wakazi wa mji au imewapita.

Kalenda haihitaji maneno mengi. Fukwe za Mediterania hufanya kazi kuanzia Mei hadi Oktoba, na hoteli nyingi hufungwa kabisa majira ya baridi. Visiwa vya Karibi hupata wageni wengi kati ya Desemba na Aprili, baada ya msimu wa vimbunga ambao rasmi huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30. Huko Goa, nchini India, vibanda vya ufukweni hubomolewa kabla ya mvua za monsuni za Juni na kujengwa tena mvua zinapokwisha, na katika pwani ya Afrika Mashariki mvua za masika za Aprili na Mei huzifanya hoteli kadhaa zifunge milango na kutumia muda huo kwa ukarabati. Kalenda hutuonyesha lini msimu unaweza kurudi. Kama utarudi ni jambo jingine kabisa, kwa maana mji unaweza kuwa na bahari tulivu, anga safi na vyumba vitupu kwa miaka.

Sharm el-Sheikh ya Misri ilipitia hali hiyo. Tarehe 31 Oktoba 2015 ndege ya abiria ya Urusi iliyoruka kutoka mji huo ilianguka katika rasi ya Sinai, na watu wote 224 waliokuwamo walikufa. Uingereza ilisimamisha safari za moja kwa moja za kwenda Sharm el-Sheikh, na Urusi ikasimamisha safari zote za kwenda Misri. Katazo la Uingereza liliondolewa Oktoba 2019, na ndege za Urusi zilirudi katika miji ya ufukweni ya Bahari ya Shamu mwezi Agosti 2021. Katika kipindi chote hicho matumbawe yalikuwa palepale na jua halikupungua. Mkazi aliyekuwa akisubiri dalili ufukweni angesubiri mahali pasipo pake, kwa sababu dalili aliyoihitaji ilikuwa uamuzi unaofanyika London na Moscow, katika ofisi za watu wasiomjua.

Ndiyo maana naona kwamba dalili ya kwanza kabisa ya kurudi kwa msimu, hasa baada ya janga au shambulio, ni kubadilika kwa maneno ya tahadhari ya usafiri ambayo serikali za nchi wanakotoka wageni huwapa raia wao. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza, ingawa matokeo yake ni mazito. Serikali inaposhauri raia wake wasisafiri kwenda eneo fulani isipokuwa kwa jambo la lazima, bima nyingi za safari huacha kufanya kazi kwa anayekaidi ushauri huo, na kampuni za kupanga safari haziwezi kuendelea kuuza likizo katika eneo hilo bila kujibebesha hatari kubwa ya kisheria. Baada ya shambulio la Juni 26, 2015 katika ufukwe wa karibu na Sousse, nchini Tunisia, lililoua watu 38 ambao 30 kati yao walikuwa Waingereza, serikali ya Uingereza ilitoa ushauri wa namna hiyo na haikuulegeza hadi Julai 2017. Likizo za makundi makubwa zilianza kurejea mwanzoni mwa 2018. Kati ya kulegezwa kwa ushauri na kufika kwa wageni ilipita takriban nusu mwaka, na nusu mwaka huo ndio muda ambao mji wenye viongozi makini huutumia kujiandaa.

Tahadhari hizo pia huvuka mipaka ya maneno yake. Mwezi Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya kwenda kisiwa cha Mombasa na sehemu ya pwani iliyo jirani. Diani, mji wa ufukweni ulio kusini mwa kisiwa hicho, haikuwamo katika eneo lililotajwa, wala uwanja wa ndege wa Mombasa, uitwao Moi, haukuwamo. Lakini wakati huo njia ya kutoka uwanjani kwenda Diani ilipita kisiwani na kwenye kivuko cha Likoni, na kampuni kubwa ya safari iliwaondoa wateja wake na kufuta safari zake za ndege. Kwa hiyo mji ambao haukutajwa ulipoteza wageni sawa na uliotajwa. Mhudumu wa hoteli aliyeachishwa kazi Diani mwaka huo hangefarijiwa na ramani iliyoonyesha kwamba yeye yuko nje ya mstari.

Dalili ya pili iko katika ratiba za ndege, na hapa ningependa wasomaji wakae kidogo, maana ni eneo ambalo habari za matumaini huchanganywa sana na habari za kweli. Mashirika ya ndege duniani hupanga ratiba kwa misimu miwili, ule wa kiangazi unaoanza Jumapili ya mwisho ya Machi na ule wa baridi unaoanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Nafasi za kutua katika viwanja vyenye msongamano huombwa miezi mingi kabla, na shirika lisipozitumia inavyotakiwa huweza kuzipoteza msimu unaofuata. Shirika linalotangaza mbele ya kamera kwamba linafikiria kufungua njia mpya halijahatarisha chochote. Lililoomba nafasi, likapanga ndege na kuanza kuuza tiketi limehatarisha fedha. Tangazo la waziri na ratiba iliyokwisha kuingia sokoni ni vitu viwili tofauti, na ni vibaya kuviandika kana kwamba ni kimoja.

Hesabu ndogo huonyesha uzito wa safari moja. Tuchukue ndege yenye abiria 180 inayotua mara moja kwa wiki, kila abiria akakaa siku 7 na kila wawili wakalala chumba kimoja. Safari hiyo peke yake hujaza vyumba 90 kila usiku kwa muda wote inapoendelea. Ikifutwa katikati ya msimu, hoteli moja ya ukubwa wa wastani imebaki bila mgeni hata mmoja. Kwa hiyo mchambuzi anayetaka kujua hali ya miezi mitatu ijayo atapata mengi kwa kuhesabu viti vilivyopangwa kutua kila wiki, akilinganisha na wiki hiyohiyo ya mwaka uliopita, kuliko kwa kuwauliza wenye hoteli wanaonaje mwenendo wa biashara. Wenye hoteli wana sababu njema ya kujibu kwa matumaini kila wanapoulizwa, kwani hofu ikisambaa huwafukuza wateja waliobaki.

Baada ya viti huja vyumba, na ndani ya mikataba ya vyumba ndimo ukweli mwingi hujificha. Kampuni za kupanga safari hukutana na wenye hoteli katika maonyesho makubwa ya biashara, kama yale ya Madrid mwezi Januari, Berlin mwezi Machi na London mwezi Novemba, na huko hukubaliana juu ya vyumba vya msimu ambao bado uko mbali. Makubaliano hayo ni ya aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza kampuni hutengewa vyumba kadhaa, nayo ina ruhusa ya kuvirudisha bila malipo hadi siku fulani kabla ya mgeni kufika, tuseme wiki mbili au tatu. Katika aina ya pili kampuni huvinunua vyumba hivyo kwa dhamana, na italipa hata visipolaliwa. Hoteli yenye vyumba 200 vilivyotengwa kwa aina ya kwanza inaweza kusema bila kudanganya kwamba imewekewa nafasi zote, kisha ikarudishiwa nusu ya vyumba hivyo wakati ambapo hakuna tena muda wa kumtafuta mgeni mwingine. Ninapoambiwa kwamba hoteli za mji fulani zimejaa kwa msimu ujao, swali ninalouliza ni moja: zimejaa kwa mkataba gani, na nani atabeba hasara vyumba vikibaki vitupu? Mara nyingi atakayebeba ni hoteli, na hoteli huishusha hasara hiyo kwa vibarua na kwa wanaoiuzia samaki, mboga na matunda.

Hata vyumba vilivyolaliwa havitoshi kuwa ushahidi. Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza, iliyokuwa imeanza biashara ya safari mwaka 1841, ilifilisika huku wateja wake wapatao 600,000 wakiwa katikati ya safari, zaidi ya 150,000 kati yao wakiwa Waingereza waliolazimika kurudishwa nyumbani kwa mpango wa serikali. Magazeti mengi yaliandika habari za wasafiri, na hilo linaeleweka. Walioandikwa kidogo ni wenye hoteli wa Hispania, Ugiriki, Uturuki na Tunisia, ambao walikuwa wamewalaza na kuwalisha wageni wa Julai na Agosti wakisubiri kulipwa baadaye, kama ulivyokuwa utaratibu wa biashara hiyo. Fukwe zilikuwa zimejaa, vyumba vilikuwa vimejaa, meza za chakula zilikuwa zimejaa, na fedha haikufika. Mtu aliyeutazama msimu huo kwa macho angesema umekuwa mwema.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaoupima msimu kwa idadi ya watu waliopita uwanja wa ndege. Shirika la Umoja wa Mataifa la Utalii lilikadiria kwamba mwaka 2024 safari za kimataifa za watalii zilifika takriban bilioni 1.4, yaani asilimia 99 ya kiwango cha 2019, mwaka wa mwisho kabla ya janga la korona. Takwimu hiyo ina maana kwa dunia nzima. Kwa mji mmoja wa ufukweni haina msaada mkubwa, kwa sababu mgeni mmoja akikaa usiku mmoja anahesabiwa sawa na mgeni mmoja aliyekaa wiki mbili, na aliyelipia kila kitu nchini mwake kabla ya kuondoka anahesabiwa sawa na anayekula katika mikahawa ya mtaani na kupanda boti la mvuvi. Idadi ya usiku uliolaliwa ni kipimo bora kuliko idadi ya wageni. Kipimo bora zaidi, ambacho serikali chache za miji hujali kukikusanya, ni siku ambazo mwuzaji wa samaki au dobi husubiri kabla ya kulipwa na hoteli. Siku hizo zikipungua, msimu umerudi hadi mtaani. Zikiongezeka huku wageni wakiongezeka, mji unawakopesha wageni wake bila kujua.

Lakini dalili ninayoipa uzito kuliko zote ni namna wafanyakazi wanavyoitwa kurudi kazini. Katika miji mingi ya ufukweni mhudumu huajiriwa kwa miezi minne au mitano, huachwa, kisha mwaka unaofuata huanza upya kuomba nafasi ileile aliyoifanya kwa miaka kumi. Hispania ilijaribu kulirekebisha hilo kwa sheria ya kazi ya Desemba 2021, iliyobana mikataba ya muda na kusukuma kazi za msimu ziwe chini ya ajira ya kudumu yenye vipindi vya kupumzika. Mfanyakazi wa namna hiyo hubaki mwajiriwa wa hoteli hata inapofungwa, huwa na haki ya kuitwa tena msimu unapoanza, na katikati anaweza kuomba msaada wa wasio na kazi akitimiza masharti. Wapo wanaodai kwamba mfumo huo unapunguza ukosefu wa ajira kwenye karatasi tu, na hoja yao haistahili kupuuzwa. Kwa anayesoma dalili, hata hivyo, mfumo huo umeleta faida moja ya wazi: hoteli hulazimika kutangaza mapema nani anaitwa na lini. Mwajiri anayewaita wapishi wake wote Machi kwa kazi ya hadi Oktoba amesema kuhusu imani yake juu ya msimu jambo ambalo hakuna mkutano na waandishi wa habari unaoweza kulisema. Anayewaita nusu, kwa wiki sita, kwa sharti la kuongezewa muda wageni wakija, naye amesema.

Urefu wa mwito huo una maana kubwa kuliko ukubwa wa kilele. Msimu wa wiki sita zilizofurika huchosha watu na mabomba ya maji, kisha huwaacha watu wakiishi kwa mkopo miezi iliyobaki. Blackpool ya Uingereza, yenye bahari baridi na mvua nyingi, iliielewa hesabu hii zamani. Mji huo uliweka taa za umeme kandokando ya ufukwe mwaka 1879, na baadaye maonyesho ya taa yakawa desturi ya kila mwaka iliyopangwa makusudi kuanza mwishoni mwa kiangazi, pale ambapo wageni wangeanza kuondoka. Tangu 2020 maonyesho hayo yameongezewa muda hadi mwanzoni mwa Januari. Taa hizo ziliwapa wenye nyumba za wageni wiki kadhaa za kipato ambazo hali ya hewa isingewapa. Ningependa kuona miji mingi ikipimwa kwa kigezo hicho, yaani wiki ngapi zimeongezwa kwenye kingo za msimu, badala ya kushindana kwa idadi ya watu waliobanana ufukweni wikiendi moja.

Zipo pia dalili ambazo bahari yenyewe huzitoa, nazo hazihojiwi vya kutosha. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu maji ya kuogelea inataka sampuli ya maji ichukuliwe muda mfupi kabla ya msimu kuanza na kuchunguzwa bakteria wa kinyesi, na matokeo yawafikie wananchi. Katika Karibi, tangu 2011, mwani aina ya sagasamu umekuwa ukifika kwa wingi kwenye fukwe za Meksiko na visiwa jirani, na wafanyabiashara wa Cancún na Tulum wamejifunza kutazama picha za setilaiti wiki kadhaa kabla ya kutazama orodha ya wageni. Boracay ya Ufilipino ilifungwa kwa miezi sita kuanzia Aprili 26, 2018 kwa sababu ya maji taka yaliyokuwa yakimwagwa baharini. Ilipofunguliwa Oktoba 26 mwaka huo iliwekewa kikomo cha wageni 6,405 wanaoruhusiwa kuingia kwa siku. Ghuba ya Maya nchini Thailand ilifungwa Juni mwaka huohuo, ikafunguliwa Januari 2022, na sasa hupumzishwa miezi miwili kila mwaka. Wenye boti waliopoteza kazi katika vipindi hivyo waliumia, na serikali zilizongoja hadi mambo yaharibike ndipo zifunge zina lawama ya kujibu. Kwa kuwa kikomo kimewekwa, hata hivyo, mfanyabiashara wa Boracay anaweza kujua tangu Januari msimu wake hautazidi ukubwa gani, na kupanga ajira na mikopo yake kwa kadiri hiyo.

Jambo la mwisho linahusu mahali wanapolala wale wanaowahudumia wageni. Katika miji ambayo msimu umerudi kwa nguvu kuliko kwingineko, vyumba vilivyokuwa vikipangishwa kwa wahudumu vimegeuzwa kuwa nyumba za kupangisha watalii kwa usiku mmoja mmoja. Huko Ibiza, kisiwa cha Hispania, katika kiangazi cha 2024, kulikuwa na watu wenye ajira halali hotelini na kwenye mikahawa waliolala katika mahema na magari kwa kukosa nyumba ya kodi wanayoimudu. Aprili mwaka huo maelfu ya wakazi wa Visiwa vya Kanari waliandamana, na Mallorca ikafuata. Waandamanaji wengi hawakuwa wakiukataa utalii. Wengi wao ndio walioufanyia kazi. Walikuwa wakieleza kwamba dalili zote nilizozitaja, kuanzia ratiba za ndege hadi mikataba ya vyumba, zilikuwa zimetimia na bado wao hawakuwa na pa kukaa.

Kwa hiyo halmashauri ya mji wa ufukweni inayotaka kuwaambia wakazi wake kwamba msimu umerudi ingepaswa kutoa, mwezi mmoja kabla, taarifa yenye mambo manne: viti vya ndege vilivyopangwa kutua kila wiki, idadi ya wafanyakazi walioitwa na urefu wa mikataba yao, wastani wa siku ambazo hoteli huchukua kuwalipa wauzaji wa mjini, na idadi ya nyumba zinazopatikana kwa kodi ambayo mhudumu anaweza kuilipa kwa mshahara wake. Hakuna kati ya hayo lililo siri ya biashara likikusanywa kwa jumla bila kutaja jina la hoteli yoyote. Vyama vya wenye hoteli vitapinga kipengele cha tatu, na wenye nyumba watapinga cha nne, na ni katika vipengele hivyo viwili ambapo halmashauri haipaswi kurudi nyuma.